Joto Linaenda Wapi

Kwa miaka minne nimekuwa nikisema kwamba sikugusa kitu. Nimemwambia hivyo Prof mwenyewe, nimewaambia wanafunzi wake, nimemwambia mume wangu aliyeniuliza mara moja tu na kuridhika, na siku moja nje ya kanisa nilimwambia mtu ambaye hakuwa ameniuliza. Sasa naandika: niligusa. Niligusa vitu vitatu, kimoja baada ya kingine, nikijua majina yake, kisha nikazima skrini na kwenda zangu nikijiona mwanamke mwangalifu.

Prof huyo simtaji jina. Kwetu Goma kila mwalimu wa sekondari huitwa Prof, kwa hiyo atakayemtafuta atakuwa na kazi. Alifundisha fizikia katika shule iliyo juu kidogo ya mtaa wetu wa Keshero, na aliishi nyuma ya ukuta wetu wa mawe ya volkeno, upande ule ambao mapapai yake yaliangukia kwetu na hakuna aliyeyarudisha. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani siandiki. Katika mji huu swali hilo limekwisha kuulizwa mno, na mara nyingi na watu wenye bunduki. Nitasema tu kwamba alihesabu kwa Kifaransa, alikemea kwa Kinyarwanda, na somo lenyewe alilieleza kwa Kiswahili, baada ya kufunga mlango ili mkuu wa shule asisikie.

Kompyuta ilikuwa yake, lakini ilikaa sebuleni kwangu kwa sababu sebule yangu ndiyo iliyokuwa na umeme. Shemeji yangu alipohama alituachia paneli nne za jua na betri mbili kubwa, na hakuna mtu nyumbani aliyejua kuzitunza. Prof alijua. Tukakubaliana kwamba yeye atatunza betri na mimi nitavumilia kompyuta. Hakuniambia kwamba nitavumilia pia wanafunzi kumi na wawili kila Jumamosi alasiri, viatu vyao mlangoni, na chombo cha angani.

Chombo hicho kilikuwa ndani ya mchezo. Ni mchezo wa kuunda vyombo vya angani kipande kwa kipande, tangi, injini, chumba cha wasafiri, kisha kuvirusha na kuona kama vitafika au vitaanguka, na ndani yake sheria za fizikia hazina huruma. Mimi, mwenye shahada ya fasihi, niliuita utoto. Niliandika hata insha fupi kuhusu wanaume wazima na vinyago, nikampa aisome. Aliirudisha kesho yake bila maoni yoyote, ila alikuwa amezungushia duara sentensi niliyoandika kwamba jua ni "karibu yetu", na pembeni ameandika umbali.

Lalamiko lake la kwanza kuhusu mchezo lilikuwa la mkazi wa Goma. Mchezo ule ulitoa paneli za jua na betri ndogo kwa umeme wa chombo, basi. Prof alinung'unika kwamba waliouunda hawajawahi kuishi na paneli. Yeye aliishi nazo. Alijua mwezi wa mvua, alijua moshi wa mlima wetu wa volkeno ukitulia juu ya bati kwa wiki nzima, alijua kwamba ukiwasha pasi saa kumi jioni hutapata taa saa mbili. Huko angani, alisema, ukienda mbali jua linakuwa tundu la sindano, na watoto wake walitaka kwenda mbali. Kwa hiyo akaamua kuongeza vinu vya nyuklia, reaktere kama alivyoviita.

Nilidhani anatania. Kumbe kila kipande katika mchezo ule ni faili la maandishi tu, uzito mstari huu, umeme mstari ule, na mtu mwenye subira anaweza kuandika kipande chake. Prof alikuwa na subira na kidole kimoja cha kuchapia. Kinu cha kwanza kilimchukua muhula mzima. Urani ya nchi yetu ilichimbwa ikaenda kwa wengine, na wanafunzi wa Prof walikuja kuiona kwa mara ya kwanza juu ya meza yangu ya chakula, katika umbo la silinda ya kijivu.

Wanafunzi waliitaka silinda hiyo iwe ndogo, nyepesi, na karibu na chumba cha wasafiri ili chombo kisiwe kirefu. Prof aliwauliza jenereta ya shule imekaa wapi. Nyuma ya uwanja, karibu na choo. Kwa nini haikai darasani? Kelele, Prof, na moshi. Basi kinu nacho, akasema, kina moshi wake usioonekana, na akakiweka mwisho wa boriti ndefu yenye ngao katikati. Chombo kikawa kama mtu anayebeba bidoni ya maji kwenye ncha ya mti mrefu. Walikicheka wiki mbili. Wiki ya tatu waliacha, maana ndicho pekee kilichokuwa kikienda.

Lakini jambo lililomtawala lilikuwa joto. "Joto linaenda wapi?" Hilo ndilo swali nililomsikia akiuliza kuliko mengine yote, kuliko hata "habari gani". Kinu kinatoa umeme kidogo na joto jingi, na angani hakuna upepo wa kulichukua. Lazima litolewe na radiatere kubwa kama mabawa. Asiye na jibu la swali hilo hakuruhusiwa kushika kipanya. Lilimtoka hata mahali pasipohusika. Katika harusi ya binti yangu aliliuliza kuhusu vipaza sauti vya kwaya, na dakika kumi baadaye kipaza sauti kimoja kikafuka moshi katikati ya wimbo. Jikoni kwangu alisimama mbele ya mbabula, jiko langu la mkaa, akatazama makaa, akatazama sufuria, akaniambia kwamba nusu ya mkaa wangu unapikia ukuta. Nilimwambia ukuta nao una njaa. Hakucheka, ila Jumamosi iliyofuata alikuja na pete ya udongo aliyoifinyanga mwenyewe kuzunguka mbabula ile, na gunia langu la mkaa likadumu siku tatu zaidi.

Na kuzima. Kuhusu kuzima alikuwa na imani yake, aliyoipata, kama mambo mengi hapa, kwenye mlima. Mlipuko ule wa zamani, uliopitisha lava katikati ya mji na kuacha barabara kuu chini ya mawe, ulimkuta bado kijana. Majuma kadhaa baadaye, lava ikiwa nyeusi na watu wameanza kupima viwanja juu yake, alikata njia juu ya ukoko ule akielekea kazini, na soli za kandambili zake zikabaki nyuma. Kovu la unyayo wa kushoto aliwaonyesha wanafunzi kila mwaka, mguu juu ya kiti changu, soksi mkononi. "Mlima ulikuwa umezima," akasema. "Mimi niliungua."

Kinu nacho kiko hivyo. Ukikizima, kinaendelea kutoa joto, saa nyingi, siku nyingi. Vinu vya watu wengine waliovitengenezea mchezo ule, alisema, vilizimika kama taa. Chake hakikuzimika hivyo. Aliandika mistari ya ziada ili joto la kubaki lipungue polepole, na akaweka sheria moja darasani, yaani sebuleni kwangu: unaweza kuzima kinu, lakini radiatere hazifungwi kamwe. Niliisikia sheria hiyo Jumamosi zaidi ya thelathini, nikikunja nguo nyuma yao. Nilikuwa nikisema sisikilizi.

Ili nisimfanye mtakatifu, niseme pia kwamba alikuwa mwizi wa karata. Aliiba wazi, bila ufundi, na ukimkamata alikiri papo hapo na kugawa upya. Aliogopa pikipiki kiasi cha kwenda kwa miguu hadi sokoni akiwa amevaa tai. Alimkaripia mwanafunzi aliyekadiria namba badala ya kuipima, lakini umri wake mwenyewe aliutaja tofauti kila ulipomfaa.

Na mara moja alidanganya namba. Ilikuwa waasi walipoingia mjini ile mara ya kwanza, sisi tumejifungia na mabomu yanaanguka upande wa uwanja wa ndege. Prof alisimama uani mchana kweupe, akatazama moshi ukiinuka, akahesabu hadi mshindo ufike, kisha akatuambia umbali kupitia juu ya ukuta. Majirani walikusanyika. Kila mshindo, kina mama walimgeukia kwanza yeye, ndipo wakaamua kama walie au waendelee kuchambua maharagwe. Miaka kadhaa baadaye aliniambia kwamba alikuwa akiongeza kilomita mbili kila mara. Alinieleza kwa aibu, kama mtu anayeeleza wizi. Nilimwambia uongo ule ulitusaidia. Akasema ndiyo, lakini tangu siku ile hakujiamini tena anaposema namba mbele ya watu wenye hofu. Ninalikumbuka jibu hilo kwa sababu lilinipa nafasi nzuri sana ya kukiri la kwangu, na nikamwongezea chai.

Sasa siku yenyewe. Mlima ulikuwa umelipuka tena siku chache kabla, lava ikasimama pembeni mwa mji, na ardhi ikaendelea kutikisika hadi vikombe vikatembea kabatini. Shule zilifungwa. Chombo cha wanafunzi kilikuwa kimesafiri miezi minane ya Jumamosi kuelekea sayari ya mbali kabisa ya mchezo ule, na kilibakiza kidogo kufika. Prof alikuja asubuhi na mapema kukiangalia, peke yake, maana asingeweza kuituliza ardhi lakini chombo angeweza. Ndipo redio ikatangaza kwamba watu wa mitaa yetu wahame, na wahame sasa. Prof alikuwa na mama yake mzee asiyeweza kutembea. Alisimama, akaniambia, "Mama, zimisha mashini, minaenda kumubeba mama," akatoka mbio.

Nilifanya nilivyofanya katika nyumba nzima asubuhi ile. Nilizima friji, nikazima redio, nikafunga bomba la tangi. Mwanamke wa Goma akihama anazima kila kitu, maana hajui atarudi lini, na betri haijijazi yenyewe. Nikafika kwenye meza. Skrini ilikuwa na alama nilizozijua vizuri kuliko nilivyowahi kukubali. Nikazima kinu, alama ikawa nyekundu. Nikafunga radiatere, kwa sababu niliona haina maana kupoza kitu kilichozimwa. Nikazima taa za chumba cha wasafiri watatu, nao wakabaki gizani. Nikajisifu. Kisha nikatafuta jinsi ya kutoka kwenye mchezo, dirisha likaniuliza jambo kwa Kiingereza, mume wangu akapiga honi nje, nikabonyeza swichi ya skrini. Ikawa nyeusi. Kwangu nyeusi ilitosha. Sanduku lenyewe la kompyuta, chini ya meza, likaendelea kuzunguka mpaka betri zikakauka, na mchezo ule hujihifadhi wenyewe kila baada ya dakika chache.

Sisi tulikwenda Rutshuru juu ya lori la maharagwe. Prof alimpeleka mama yake kwa dada yake Kiwanja, hatua chache kutoka tulipokuwa, na tulikunywa chai pamoja mara mbili. Kuhusu chombo, alisema tu kwamba angalau kule mambo yako salama.

Tuliporudi, betri zikajazwa, wanafunzi wakaja, skrini ikawaka. Sehemu ya mbele ya chombo ilikuwa ikielea peke yake. Mkia wote haukuwepo: kinu, nusu ya boriti na radiatere vilikuwa vimeyeyuka. Wasafiri watatu walikuwa hai, ile boriti iliwaokoa, lakini hawakuwa na umeme wa kufika popote. Prof alitazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuondoa uwezekano mmoja mmoja.

"Mama, uligusa kitu?"

"Mimi, Prof? Minajua hata fasi ya kugusa? Mashini niliiacha vile ulivyoiacha."

Wanafunzi wakacheka. Ujinga wangu ulikuwa umezoeleka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeutangaza kwa miaka, na kicheko kile kilifunga mlango. Prof naye akatabasamu, akageukia ubao mdogo, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akawaeleza kwamba ikiwa hakuna aliyegusa, radiatere zilikuwa wazi. Zikiwa wazi, kinu hakikupaswa kuyeyuka. Kimeyeyuka. Kwa hiyo hesabu ya mwalimu ni mbaya. Akaandika chini yake, kwa herufi zile zile alizoandikia kanuni: Nilikosea.

Alikuwa amekusudia kuvitoa vinu vyake mwisho wa mwaka ule, viwe vya yeyote anayecheza mchezo ule popote duniani. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuandika maelezo, majina yao kumi na mawili chini. Hakuvitoa. Alisema hatawapa watu kitu kinachoyeyuka bila sababu. Aliifuta mistari ya joto la kubaki, na tangu hapo vinu vyake vikazimika kama taa, kama vya wengine. Wanafunzi walianza kuja wanane, kisha watano. Yeye alianza kutafuta kosa lake. Alilitafuta katika daftari tisa, kaye zile za mistari midogo, mwaka mzima na zaidi, na kwa kuwa Kifaransa chake cha kuandika kilimtia wasiwasi, aliniletea mimi nizisahihishe. Nikazisahihisha. Niliweka alama za lafudhi juu ya herufi, ukurasa baada ya ukurasa, katika utafiti wa kosa lililokuwa langu.

Mtu atauliza kwa nini sikusema. Siku ya kwanza niliona aibu. Wiki ya kwanza niliona ni mchezo tu. Mwezi wa tatu nilikuwa nimekwisha kusahihisha kaye mbili, na ningekiri nini tena, kosa lile au kaye zile?

Kisha vita vikarudi upande wa Rutshuru. Prof alikuwa amekwenda Kiwanja kumzika mama yake, barabara ikafungwa nyuma yake, na akabaki huko. Alipata vipindi vichache vya kufundisha. Tulipigiana simu mtandao uliporuhusu, tukaongea habari za mapapai.

Barabara ilifunguka tena baada ya mji wetu wenyewe kuchukuliwa na waasi. Mwezi mmoja baadaye alisimama mlangoni kwangu, amekonda, tai ile ile, vumbi hadi nyusi, maana alikuwa amepanda pikipiki. Kabla ya kukaa alikwenda kuzitazama betri, akazigusa kwa nyuma ya kiganja kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akasema zimezeeka vizuri kuliko yeye. Kompyuta hakuitaka, niendelee nayo. Alikuja kuchukua kaye.

Nilidhani anataka kuendelea na kazi. Akaeleza, huku akizipanga kwenye mfuko, kwamba dada yake anauza karanga soko la Kiwanja na karatasi za kufungia zimekuwa shida. Kaye tisa, kurasa pande zote mbili, zitamfikisha mbali.

Nikamuuliza, nikitazama kikombe, "Prof, na kama hesabu ilikuwa sawa?"

"Mama," akasema, "chombo kiliyeyuka. Hesabu haibishani na chombo."

Nilimsindikiza hadi kwenye pikipiki. Alikaa nyuma ya dereva, mfuko kifuani, macho amefumba kabla hata injini haijawashwa. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilimwambia amsalimie dada.

Siku ya tatu nilimpigia. Ilikuwa asubuhi ya soko, nilisikia watu wakipatana bei, nikajua amekaa karibu na beseni la karanga. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Nimesomea mambo hayo. Ilikuwa na utangulizi kuhusu urafiki. Nilichosema ni hiki: "Prof, niligusa. Siku ya kuhama. Ni mimi."

Nikaanza kuomba msamaha, nikarudi kwenye utangulizi, akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Ulizimisha nini ya kwanza, reaktere ao radiatere?"

"Reaktere."

"Na radiatere kisha ya wakati gani?"

"Palepale, Prof. Hata dakika moja haikuisha."

"Ukazifunga zote?"

"Zote."

"Na mashini?"

"Nilizimisha skrini."

"Skrini tu."

"Skrini tu."

Nikasikia mwanamke akisifu karanga zake. Nilisubiri hasira, nilikuwa nimeistahili na karibu niitamani. Hakusema lolote kuhusu miaka minne, wala kuhusu alama zangu za lafudhi.

"Basi ilipaswa kuyeyuka," akasema polepole. "Ilipaswa."

Sauti yake ikatoka kwenye simu, ikageukia pembeni. "Dada, usipasue tena. Ile kaye, leta hapa. Na hizo ulizofunga, fungua." Dada akauliza karanga azitie wapi, akamjibu azitie popote. Kisha nikasikia karatasi ikinyooshwa juu ya kitu kigumu, tena na tena, kwa kiganja.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Rudia tangu mwanzo. Polepole. Ninaandika."

Nikarudia tangu mwanzo.